Mwalimu na Mizani ya Mlango wa Jikoni

Mwalimu alinifundisha mara mbili. Mara ya kwanza shuleni, nikatoroka darasa la saba. Mara ya pili hotelini, na hapo sikutoroka kwa sababu nilikuwa nalipwa. Mwenyewe alipenda kuwaambia wageni, akinionyesha kwa kidevu huku nimebeba trei, "Huyu ni mwanafunzi wangu. Hesabu alikataa, lakini sahani anabeba vizuri." Wageni wanacheka, na mimi nacheka, maana ni kweli.

Sitawaambia alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Hapa Lamu mambo hayo yana wenyewe, na ukikosea jina la babu ya mtu utasemwa mpaka Idi. Ninachokijua ni mtu mwenyewe. Mrefu, mkavu, kanzu imepigwa pasi hata siku ya kupanga viti, na hasira. Hasira yake ilikuwa kama jiko la makaa. Ukitazama juu unaona jivu tu. Sasa weka mkono.

Alipostaafu ualimu, hoteli moja kubwa huku ufukweni ilimchukua awe meneja wa mikutano. Walitaka mtu wa mji, anayejua Kizungu na anayejua kuwapokea watu. Na mikutano yenyewe karibu yote ilikuwa ya mazingira. Nadhani watu wa mazingira wanaipenda sana bahari, hasa ikionekana kupitia kioo. Wanakuja kwa ndege mpaka Manda, wanavushwa kwa boti ya mashine, wanakaa siku mbili tatu wakizungumza jinsi dunia itakavyochoma mafuta kidogo, halafu boti tena, ndege tena, kwaheri. Mimi nilikuwa naona sawa tu, kazi ni kazi. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kukasirika, na katika masomo yake yote hilo ndilo pekee nililopasi.

Alianza na chupa za maji. Kila mjumbe alikuwa anawekewa kichupa mbele yake. Anapiga mafunda mawili, anatoka kupokea simu, akirudi hakumbuki kipi chake, anafungua kingine. Siku moja mkutano ulipokwisha Mwalimu alituamuru wahudumu tumimine mabaki yote kwenye mabeseni, tukayapanga jukwaani pale pale waliposimama wasemaji. Kisha akamwita Bosi, mwenye hoteli.

"Tazama," akamwambia. "Maji haya yametoka Mombasa kwa lori, yakapakiwa boti pale Mokowe, yakabebwa na punda, yakapozwa kwa umeme, ili mtu alambe kidogo ayaache. Katika mkutano huu aliyefanya kazi ni punda peke yake."

Bosi alicheka, akakubali papo hapo chupa ziondolewe. Tukaweka mitungi na glasi. Alikubali haraka mno yule mtu, na hapo ndipo tungeshtuka. Lakini sisi tulikuwa tunapiga makofi.

Halafu yakaja maputo. Kampuni moja ilitaka kufunga semina yake kwa kurusha maputo mamia angani, kila moja limeandikwa "Mlinde Kasa". Mwalimu akamuuliza yule dada msimamizi, kwa upole kabisa, "Yakipasuka, bibi, yataanguka wapi?"

"Baharini labda."

"Na kasa anakula nini?"

"Sijui, samaki?"

"Anakula yavuyavu. Linaelea, laini, linang'aa, kama puto lililopasuka. Kasa hana miwani, bibi."

Maputo yakabaki kwenye katoni. Yule dada alilia chooni, na Mwalimu alinituma nimpelekee halua. Ndivyo alivyokuwa. Anakuchoma, halafu anakutafutia dawa ya moto.

Alikuwa na neno lake moja ambalo wahudumu wote tuliliimba mgongoni kwake kwa kumwigiza: "Hakuna kutupa. Kuna kumpelekea mtu." Ukimwambia umetupa taka, anakuuliza umempelekea nani. Na kwa kweli huna jibu, maana hivi ni visiwa. Ukirusha kitu hapa kinatokea kwa jirani. Alikuwa na jirani yake ambaye punda wake alivimba tumbo akafa, wakampasua wakakuta plastiki imejisokota ndani kama kamba ya nanga. Mwalimu alikuwepo. Alipokuwa akiisimulia hiyo habari hakuwa akipandisha sauti, na mimi nilikuwa natamani aipandishe.

Msidhani lakini nawachorea walii. Ofisi yake ilikuwa na eisi, na akiifungulia ilikuwa kama chumba cha kuhifadhia kamba na kaa. Mtu anayehubiri umeme usipotee, yeye mwenyewe anakaa ndani amevaa sweta juu ya kanzu. Nilikuwa nikimpelekea chai, kabla sijafika mlangoni nikitoka, ishapoa. Siku moja nilijikaza nikamuuliza, "Mwalimu, na hii je?"

"Hii ni dhambi yangu," akasema. "Kila mtu na yake. Nenda katafute yako."

Na kwenda mjini alikuwa hataki kutembea. Ndia ya ufukweni ipo, watoto wanaikimbia, lakini yeye lazima boti ya mashine, peke yake, amekaa kama sultani. Ukimuuliza anasema goti. Siku za mpira goti lilikuwa linapona.

Sasa niwaeleze mizani. Mwalimu alikwenda sokoni akanunua mizani ya samaki, ile ya kuning'iniza yenye ndoano, akaifunga mlango wa nyuma wa jikoni. Kila bafe ikiisha, mabaki yanatiwa ndooni, yanapimwa. Mpishi wetu mkuu, Bi Mwanaisha, alitia mikono kiunoni.

"Mwalimu, chakula kilichopikwa hakipimwi. Ukikipima baraka hukimbia. Hata mamako alikwambia."

"Baraka ikikimbia itarudi, Bi. Mimi natafuta aibu."

"Aibu ya nani?"

"Ya wale wanaojaza sahani kama wanahama."

Na kweli, ile mizani ilikuwa ya wageni. Jioni Mwalimu anasimama mbele ya wajumbe, anawasifu kwa hotuba zao nzuri, halafu kwa sauti ile ile ya adabu anawatajia uzito wa kile walichokiacha. Kesho yake unaona watu wanachukua samaki mmoja na kijiko cha wali, wanakuangalia kama wanaomba ruhusa. Na mabaki yenyewe, yakishapimwa, yanakwenda yalikokuwa yakienda siku zote. Wahudumu wanafunga vyombo vyao wapeleke nyumbani, wapishi wanafunga vyao, na Bi Mwanaisha mtaani kwake kulikuwa na mabibi wajane waliojua ratiba ya mikutano kuliko Bosi.

Mpaka walipokuja watu wa setifiketi. Hao ni wale wanaozunguka mahoteli kuona nani anastahili kuitwa rafiki wa mazingira. Walipoiona mizani roho zao zikapenda. Wakaipiga picha, wakapiga picha na ndoo, mmoja akataka kupigwa picha akiwa ameshika ndoano. Bosi alisimama nyuma yao, na mimi niliona kabisa wazo likimwingia kichwani, kama mtu anayemwona nzi akiingia kwenye chai.

Wiki ile ile tukatangaziwa. Mabaki yote, yakishapimwa, yaende kwenye shimo la mbolea ya bustani. Atakayeonekana getini na chakula amejifukuza kazi. Kwa ajili ya mazingira. Chakula cha wahudumu kikapunguzwa, kwa ajili ya mazingira. Feni za vyumba tunavyolala zikazimwa mchana, kwa ajili ya mazingira, na bwawa la kuogelea likaendelea kujazwa maji matamu. Mazingira akawa kama mke mdogo wa Bosi. Sisi tukikosa kitu, tunaambiwa amepewa yeye.

Nacheka nikiandika, lakini sikuwa nacheka. Nilisimama kwenye lile shimo nikamimina pilau ya nyama, imepikwa na mwanamke anayejua kupika, haijaguswa na mkono wa mtu, nikaifunika kwa majani ya mkwamba. Kunguru walikuwa juu ya ukuta wananitazama. Mimi sikusoma, na labda wenye kusoma wataniambia mbolea ina faida gani. Ninachokijua ni kwamba nyumbani kwangu siku ile tulikula mhogo mkavu, na maua ya Bosi yalikula pilau.

Mwalimu alikwenda ofisini kwa Bosi. Hakufunga mlango, na sisi masikio tunayo.

"Mizani ile niliiweka kwa ajili ya wenye kushiba," akasema.

"Mizani ni mali ya hoteli, Mwalimu," Bosi akajibu. "Na wazo ni lako. Si unapaswa kufurahi?"

Mwalimu akarudi ofisini kwake. Siku ile eisi yake haikuwashwa, na yeye alikaa ndani jasho linamtoka, mlango wazi.

Siku ya siku ilikuwa mkutano wa kulinda bahari na mikoko. Safari hii waliamua kuwaleta wananchi wenyewe waje watoe ushuhuda. Wakaletwa kutoka visiwa vya jirani watu wa Ndau, wakaletwa wa Mbwajumali, wanaume na wanawake, wengine wazee wa kushikwa mkono. Walikuwa wameondoka kwao alfajiri. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa mvuvi mzee wa Ndau, Bwana Famau, na aliongea vizuri sana, jinsi samaki wanavyokimbia mkoko ukikatwa, bila karatasi. Walipigiwa makofi wamesimama. Walipigwa picha. Kila mmoja akapewa zawadi ya mche wa mkoko kwenye kikopo. Mtu wa Ndau, anapewa mche wa mkoko. Ni kama kumfungia mtu wa Lamu zawadi ya punda.

Ikafika saa ya kula. Mimi niliwekwa mlango wa ukumbi wa chakula niangalie beji. Bosi alikuwa ameagiza chakula kipikwe kwa wajumbe waliojiandikisha tu, kisizidi, setifiketi isiharibike. Wajumbe beji zao kijani. Watoa ushuhuda, nyeupe, na nyeupe ilikuwa ni ya chai.

Bwana Famau akaja mbele ya watu wake, mche wake mkononi. "Mwanangu, huku ndiko kwenye chakula?"

Mimi nina mzaha wa kila kitu. Matangani nimewahi kutafuta mzaha nikaupata. Pale nilitafuta nikakosa.

"Bwana, saa hizi wanaingia wa kijani."

Akaitazama beji yake, akaitazama ya mtu aliyekuwa akipita. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo la kawaida kabisa, akageuka kwa wenzake. "Tukaeni kivulini. Ni kwa zamu. Hawa watangulie, kisha sisi."

Na wakaenda wakakaa. Mnanielewa? Kwetu arusini watu wanakula kwa zamu. Wanakaa zamu ya kwanza, wanainuka, wanakaa wengine, na hakuna anayehesabu, maana hakuna aliyewahi kuona mtu akaitwa na asilishwe. Wale watu hawakuwa na mahali pa kuliweka hilo jambo kichwani. Kwa hiyo walikaa chini ya makuti, miche imepangwa miguuni, wanaongea mambo yao, wanangoja zamu ambayo haikuwepo duniani.

Ndani, nusu ya wenye beji za kijani hawakutokea. Walikuwa wamekwenda mjini kula kamba. Bafe ikabaki imejaa, vifuniko juu. Bosi alikuwa na wageni wake juu. Bi Mwanaisha akabeba sufuria ya kwanza mpaka mlango wa nyuma, akasimama chini ya mizani, akaangalia kule kwenye makuti. Hakuiweka ndoanoni.

Mwalimu akatokea. "Mbona umesimama, Bi?"

"Wale watu wanangoja zamu yao."

"Zamu gani?"

"Wanadhani iko zamu, Mwalimu. Wana ndaa na hawajui kama wamenyimwa."

Sijawahi kumwona mtu akikasirika vile. Hakutukana, hakupiga kitu. Alivua viatu vyake vya ofisini, akaviweka kando ya ukuta, akaniambia, "We mtoro, nenda kaniletee masinia."

"Masinia yapi, Mwalimu? Tuna sahani tu."

"Yale waliyoyatundika ukutani pale mapokezi wakayageuza mapambo."

Nikayashusha. Masinia ya shaba ya wazee wa kale, yana vumbi la miaka. Tukayasugua kwa ndimu na majivu. Bi Mwanaisha akapakua wali, samaki wa kupaka, pilau, kachumbari, mpaka masinia yakawa na vilima. Mwalimu hakuwalisha nyuma ya jiko. Alitandika mikeka ndani ya ukumbi wenyewe wa mkutano, mbele ya jukwaa, projekta ikiwa bado inaonyesha picha ya samaki, akaenda mwenyewe kwenye makuti bila viatu. "Ndooni," akawaambia, akiwaita kwa mkono. "Zamu yenu." Wakaingia, watu wanne wanne kwenye sinia. Wajumbe waliokuwa wakizurura walichungulia, mmoja akaketi, wengine wakafuata, wakafundishwa kula kwa mkono, watu wakacheka, wali ukamwagika. Picha zikapigwa.

Bosi akafika. Akasimama nyuma ya viti akazungumza kwa sauti ya chini, meno yake yote nje kwa ajili ya wageni.

"Mwalimu, chakula hiki hakijapimwa."

"Ndio kinapimwa sasa," Mwalimu akasema. "Tumbo moja moja."

"Kesho usije kazini."

"Kesho Ijumaa. Hata hivyo nisingekuja."

Akaketi kwenye sinia la watu wa Mbwajumali akala. Wakati wa kuondoka Bwana Famau alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa ukarimu na mpango mzuri. Kisha akamshauri, kwa kuwa ni mtu mzima mwenzake, kwamba siku nyingine zamu ya pili isicheleweshwe hivyo, wana wazee. Mwalimu akamwambia, "Unisamehe, Bwana. Kosa letu." Bwana Famau mpaka leo hajui kilichotokea, na mimi sitakuwa wa kumwambia.

Sasa niwaeleze nilivyomwona mwisho.

Miezi imepita mingi. Mwalimu amehamia Pate kwa binti yake, karibu na Mbwajumali. Nikapigiwa kengele nipande juu kwa Bosi, na mtu kama mimi akiitwa juu anaanza kuaga. Kumbe napewa safari. Zile picha za masinia zilitembea. Vikundi vya mazingira sasa vinapiga simu vinataka chakula kile kile, na wananchi wale wale. Bosi amekipa jina, kimo kwenye menyu: Sinia la Jamii. Wazee wanaletwa kwa boti, wanakaa, wanapigwa picha wakila, na kinachobaki kinapimwa kinakwenda shimoni. Taabu ni kwamba wazee wameanza kukataa kuja. Wanauliza Mwalimu yupo? Wakiambiwa hayupo wanasema wana shughuli. Kwa hiyo mimi, mtoro, nikatumwa kumrudisha mwalimu wangu.

Alikuja kunipokea gatini Mtangawanda, huko huko Pate. Amepungua, kola ya kanzu imechakaa, lakini pasi iko pale pale. Tukakaa juu ya magunia ya saruji ya mtu.

"Bosi anakusalimu."

"Mwambie zimefika."

"Anataka urudi. Cheo chako, ofisi yako. Anasema yaliyopita yamepita." Nikaona nisizunguke, nikampa ile kadi ya menyu niliyopewa nimwonyeshe.

Akaisoma yote, mbele na nyuma, kama anayesahihisha. "Ugomvi wangu," akasema, "wameutia kwenye menyu."

Akaigeuza kadi tena.

"Na nani anawaeleza wageni habari za hili sinia?"

"Mimi. Nimefundishwa maneno."

"Yaseme."

Nikasimama pale gatini, mtu mzima mwenye ndevu, nikayasema kama nimeitwa ubaoni. Karibuni kwenye Sinia la Jamii, mila ya ukarimu wa visiwa vyetu, hoteli yetu inajivunia kuihifadhi kwa kutunza mazingira na kuheshimu wananchi. Wapakuzi wa boti wakasimama kusikiliza. Mmoja akasema, "Kaongea, huyu," na mwenzake akamwambia huyo amelipwa.

"Sasa sema bila uongo," Mwalimu akaniambia.

Nikaanza, nikakwama, nikaanza tena. Nikasema hivi: Siku moja hoteli yetu iliwaita watu wa Ndau na Mbwajumali waje wasemee bahari. Ilipofika saa ya kula iliwanyima, na chakula kilikuwepo. Aliyewalisha alifukuzwa. Hili ndilo sinia lake.

Mwalimu akanirudishia kadi. "Siku utakayosema hivyo, wageni wamekaa na Bosi amesimama, nipigie simu. Nitakuja na boti ya kwanza, na wazee nitawaleta mwenyewe."

"Mwalimu, nitafukuzwa."

"Huenda."

"Nina watoto."

"Nawajua. Mkubwa wako nimemsomesha." Akapangusa vumbi la saruji kwenye kanzu. "Sikulazimishi. Nimekuuliza maneno tu, na umeyajua."

Nahodha akaita abiria wa Lamu. Mwalimu akanisindikiza mpaka ukingoni, akanishikia begi nikashuka, akageuka akaondoka kabla boti haijang'oa, maana hakuwa mtu wa kupunga mikono.

Njia nzima nilikuwa nayarudia yale maneno kimoyomoyo, midomo inacheza. Mama mmoja aliyekaa kando yangu alidhani navuta uradi, akanisogezea nafasi kwa heshima, akavuta kapu lake pembeni. Nikaendelea kuyarudia. Jumamosi tuna kikundi kingine, watu wa mazingira tena. Masinia yameshasuguliwa. Na Bosi husimama mahali pale pale kila mara, nyuma ya viti, anatabasamu, anangoja nianze.